Swami Vivekananda, Mwanafunzi wa Maneno ya Yoga

Kitabu cha maadhimisho ya hekalu kwa desturi husimulia habari za msingi uliowekwa, nguzo zilizosimamishwa na wahisani waliofungua mikono yao. Hayo yana kurasa zake, na wahusika wote tunawashukuru. Lakini hekalu halikujengwa kwa mawe peke yake. Limejengwa kwa maneno pia. Alfajiri maneno ya Kisanskriti husomwa mbele ya madhabahu, na jioni maneno ya lugha hiyo hiyo husikika ukumbini, ambako waumini hukutana na majirani wa dini nyingine kufanya yoga. Asana, pranayama, dhyana, shavasana: vinywa vimeyazoea, hata watoto huyaitikia. Wanaoyatamka ni wengi. Wanaoweza kueleza maana yake ni wachache. Kwa sababu hiyo tumeona vema kusimulia hapa maisha ya Swami Vivekananda, si kama msemaji wa Chicago anayefahamika na wote, bali kama mwanafunzi aliyeyasaka maneno haya tangu utoto wake hadi siku aliyofariki, na ambaye hakukubali yawe mali ya watu wachache.

Alizaliwa mjini Calcutta tarehe 12 Januari 1863, akapewa jina la Narendranath Datta. Baba yake, Vishwanath Datta, alikuwa wakili wa Mahakama Kuu ya mji huo. Mama yake, Bhubaneswari Devi, alimlea kwa visa vya Ramayana na Mahabharata. Alipokuwa bado mtoto mdogo, mzee mmoja wa ukoo wao aliyejua Kisanskriti alimpakata usiku na kumkaririsha kanuni za Mugdhabodha, kitabu cha sarufi kilichotumika sana huko Bengal. Mtoto akazishika kwa moyo. Majirani zetu Waislamu hawatashangaa kusikia hayo, kwa maana wanajua jinsi mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu kabla hajafundishwa tafsiri yake. Kuhifadhi si kuelewa, lakini ni kuweka akiba, na akiba ile alikuja kuihitaji.

Jina lake lenyewe lilikuwa somo. Narendra ni nara, yaani mtu, pamoja na Indra, yaani mfalme. A na i zikikutana huwa e. Msemaji wa Kiswahili anaijua kanuni hiyo hata kama hakuisoma popote, kwani ndivyo ma na ino yanavyokuwa meno, na wa na ingi yanavyokuwa wengi. Wanasarufi wa Kihindi waliuita muungano huo sandhi. Baadaye, alipoitwa Vivekananda, jina jipya nalo liliundwa kwa njia hiyo: viveka ni uwezo wa kupambanua la kweli na lisilo kweli, na ananda ni furaha ya ndani. Mwenye kuijua sandhi halitishwi na neno refu, kwa kuwa anajua mahali pa kulifungua.

Akiwa kijana alisoma katika chuo cha wamisionari wa Scotland mjini Calcutta, akashika vizuri falsafa ya Ulaya. Wanaosimulia maisha yake hueleza kwamba siku moja mkuu wa chuo, William Hastie, alikuwa akifundisha shairi la Wordsworth, likatokea neno la Kiingereza linaloeleza hali ya mtu aliyezama nafsini mwake hata akausahau ulimwengu. Wanafunzi hawakulielewa. Hastie akawaeleza kwamba anayetaka kuiona maana ya neno hilo kwa macho yake aende Dakshineswar, kwenye hekalu la Kali, akamtazame Ramakrishna.

Narendra alikutana na Ramakrishna mwishoni mwa mwaka 1881. Mzee yule hakuwa na elimu ya shule ya kutajika, wala hakuwa bingwa wa Kisanskriti. Hata hivyo hali ambayo vitabu huiita samadhi ilimjia mara kwa mara mbele za watu. Kwa hiyo Narendra aliishuhudia samadhi kabla ya kuichunguza katika maandiko. Jambo hilo lilimkinga na kosa la wasomi wengi, la kudhani kwamba aliyelijua neno amekwisha kukipata kitu. Lakini halikumfanya alidharau neno, kwani aliona pia kwamba aliyeonja asali bila kuwa na jina la asali atashindwa kumwelekeza mwenzake kwenye mzinga.

Mwaka 1884 baba yake alifariki, na familia iliyozoea neema ikaingia katika madeni na njaa. Tarehe 16 Agosti 1886 Ramakrishna naye alifariki. Narendra na wenzake, vijana wachache, wakahamia katika nyumba kuukuu huko Baranagar, wakavaa nguo za watawa. Chakula chao mara nyingi kilikuwa wali na chumvi, na siku nyingine hata huo haukupatikana. Katika hali hiyo walisoma Upanishadi, Gita na falsafa za mataifa mengine, wakijadiliana usiku kucha.

Hapo ndipo akiba ya utotoni ilipopungua. Mugdhabodha inafaa kwa Kisanskriti cha zama za baadaye, lakini lugha ya Veda ni ya kale zaidi, na mlango wake ni Panini, mwanasarufi aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo na kuipanga lugha nzima katika kanuni fupi zipatazo 4,000. Watawa wale hawakuwa na nakala yake wala fedha za kuinunua. Mwezi Novemba 1888 Narendra alimwandikia Pramadadas Mitra, msomi wa Varanasi, akamweleza kwamba elimu ya Veda imefifia Bengal, kwamba wenzake wana hamu ya kuisoma, na akamwomba awapatie kitabu cha Panini. Tunaomba msomaji alitafakari ombi hilo. Watu waliokosa mchele waliomba kitabu cha sarufi.

Kuanzia mwaka 1890 alizunguka Bara Hindi akiwa mtawa mwenye fimbo na kibuyu cha maji. Kila alipopita alitafuta mwalimu. Mjini Jaipur alimkuta mwanasarufi mkubwa, akaanza naye kanuni ya kwanza kabisa ya Panini, ile inayotaja irabu ziitwazo vriddhi. Kwa siku tatu pandita alimfafanulia kanuni hiyo moja pamoja na sherehe yake, na kwa siku tatu mwanafunzi hakuielewa. Mwalimu alikata tamaa, akaona hana la kumsaidia. Narendra akajifungia peke yake, akajiapiza kutofanya lingine hadi aielewe, na baada ya saa tatu akatoka akiieleza vizuri.

Huenda mtu akauliza kanuni ya irabu ina faida gani kwa mtafuta Mungu. Jibu limo katika maneno ambayo waumini wetu huyatumia kila siku. Mfuasi wa Shiva ni Shaiva. Mfuasi wa Vishnu ni Vaishnava. Jambo la Veda ni la Vaidika. Irabu ya kwanza imekua, na kukua huko kumezaa maana ya kuwa wa fulani au mfuasi wa fulani. Hiyo ndiyo vriddhi, na neno lenyewe lina maana ya ukuaji. Kanuni ile ngumu ya Jaipur imo vinywani mwetu kila tunapojitambulisha.

Mwaka huo huo wa 1891 alifika Khetri, ambako mtawala wa nchi ile, Ajit Singh, alimpokea kama mwalimu wake. Huko aliyemfundisha mfalme alikaa chini tena kama mwanafunzi: alisoma na pandita Narayan Das sherehe kubwa ya sarufi iitwayo Mahabhashya. Mwandishi wa sherehe hiyo ni Patanjali. Jina hilo hilo ndilo lililo juu ya Yoga Sutra, kitabu chenye sentensi fupi zisizofika 200 ambacho ndicho chimbuko la maneno mengi tunayoyasikia ukumbini. Wataalamu wa siku hizi wengi huona kwamba walikuwa watu wawili wa zama mbalimbali. Mapokeo yetu huwaheshimu kama mmoja, aliyeisafisha nia kwa yoga na ulimi kwa sarufi. Vyovyote itakavyokuwa, mapokeo hayo yanatuonyesha kwamba wahenga hawakuona umbali mkubwa kati ya kusema sawasawa na kufikiri sawasawa.

Kutoka Khetri safari yake ilimfikisha Porbandar, kwenye pwani ya Kathiawar, ambako baadhi ya familia za Afrika Mashariki huhesabu asili yao. Msimamizi wa nchi, Shankar Pandurang Pandit, alikuwa bingwa wa Veda aliyekuwa akishughulika na maandiko hayo. Vivekananda alikaa naye, akamsaidia katika kazi na kuendelea na masomo ya Mahabhashya. Mwenyeji wake huyo alikuwa miongoni mwa watu waliomshauri aende nchi za Magharibi, akamhimiza ajifunze na Kifaransa.

Alisafiri kutoka Bombay tarehe 31 Mei 1893, na tarehe 11 Septemba akasimama katika Baraza la Dini mjini Chicago. Sifa alizozipata huko zimekwisha kuandikwa sana. Sisi tunataka kumfuata hadi New York, katika vyumba vya kupanga ambamo wanafunzi wengine walikaa sakafuni. Huko kazi yake ilikuwa ngumu kuliko hotuba. Alikuwa na watu waliokuja kujifunza yoga, na kila neno la yoga halikuwa na mwenzake katika lugha yao.

Chukua neno prana. Wengi walidhani ni pumzi. Aliwafundisha kwamba prana ni nguvu inayoendesha viumbe vyote, na pumzi ni dalili yake iliyo karibu nasi kuliko nyingine, kama gurudumu dogo ambalo mtu akilishika anaweza kuifikia mashine nzima. Kwa hiyo pranayama si zoezi la mapafu tu. Ni kuitawala nguvu ile, na pumzi ndiyo mwanzo wake. Chukua chitta. Aliieleza kwa mfano wa ziwa: mawimbi, yaitwayo vritti, yakivuruga maji, au maji yakiwa na tope, sakafu ya ziwa haionekani, yakitulia na kuwa safi, tunaona kilichopo chini. Na asana, ambayo wengi leo hudhani ni sarakasi ya viungo, yeye aliifundisha kwa maana ya Patanjali: namna ya kukaa iliyo imara na isiyotaabisha. Mzizi wake una maana ya kukaa tu. Kiswahili kimetupa neno lililoundwa kwa njia ileile, kikao kutokana na kaa, na hatuhitaji kwenda mbali zaidi kulifasiri.

Mwanafunzi wake Ellen Waldo aliandika kwa mkono maelezo aliyoyatamka kuhusu Yoga Sutra. Husimuliwa kwamba mwalimu alinyamaza muda mrefu kati ya sentensi na sentensi, naye mwandishi akangoja na kalamu yenye wino, asijue neno lingekuja lini. Mihadhara yake ilinakiliwa na Josiah Goodwin, Mwingereza mwenye ujuzi wa hati mkato, aliyeajiriwa mwezi Desemba 1895 na ambaye muda si mrefu aliacha kudai ujira. Kitabu cha Raja Yoga kilitoka mwaka 1896. Tangu hapo maneno ya Patanjali yalipata njia mpya ya kuwafikia watu wasiojua hata herufi moja ya Kisanskriti, na baadhi ya njia zilizoleta yoga katika miji yetu zilipitia hapo. Wala hakumtaka mtu abadili dini ili ayapate. Huko Chicago alikwisha kueleza kwamba hatamani Mkristo awe Mhindu, bali kila mmoja akue kwa kanuni yake mwenyewe.

Aliporudi mwaka 1897 alikuta swali jingine likimngoja. Magazeti ya baadhi ya wapinzani yalihoji mtu wa tabaka lake, la Kayastha, ana haki gani ya kuwa mtawa na kufundisha Veda. Kwa karne nyingi Kisanskriti kilifungiwa: asiyezaliwa katika tabaka linalostahili hakuruhusiwa kuisikia Veda, sembuse kuifasiri. Mjini Madras, mwezi Februari, alijibu hadharani. Aliwahimiza wasikilizaji wawafundishe watu wote mawazo makuu kwa lugha zao za kila siku, lakini akaongeza kwamba hilo halitoshi. Wafundishwe na Kisanskriti pia. Alitaja walimu wakubwa wa zamani kama Ramanuja, Kabir na Chaitanya, ambao waliwainua wanyonge katika zama zao, kisha kazi yao ikadhoofika mara walipoondoka, kwa sababu elimu hiyo haikusambazwa. Aliona kwamba anayepewa maana bila kupewa lugha hubaki mgeni katika nyumba yake mwenyewe, akingoja mwingine amfungulie mlango.

Maneno hayo hayakutoka kwa mtu asiyewahi kuteleza. Huko Calcutta, mwaka huo huo, mapandita walimjia kwa mjadala mkali, wote wakizungumza Kisanskriti. Katika msururu wa hoja akatamka asti mahali palipostahili svasti. Wakamcheka. Asti ni kitenzi chenye maana ya kuwapo. Svasti ni heri na baraka, neno lililomo ndani ya swastika inayochorwa kwenye vizingiti vya nyumba zetu. Yeye aliomba radhi papo hapo, akajiita mtumishi wa wanazuoni, kisha akaendelea na hoja yake hadi mwisho. Mapandita walipokuwa wakiondoka walikiri kwamba ingawa sarufi haikuwa silaha yake kubwa, uelewa wake wa maandiko ulikuwa wa kipekee. Ajabu ni kwamba maneno yale mawili ni ndugu: su, yaani vema, ikiungana na asti hutoa svasti. Aliyeteleza aliteleza juu ya daraja la sandhi.

Tarehe 1 Mei 1897 alianzisha shirika la Ramakrishna Mission, na mwaka 1898 nyumba ya watawa ya Belur iliwekwa wakfu kando ya mto Ganga. Afya yake ilikuwa imeharibika kwa kisukari na pumu. Bado aliendesha madarasa, akisisitiza kwamba watawa vijana wajue Kisanskriti kwa kina.

Tarehe 4 Julai 1902 alitafakari peke yake kwa muda mrefu asubuhi. Kisha akamwomba mwanafunzi wake Shuddhananda amletee Yajurveda, wakasoma mahali ambapo neno sushumna linatajwa. Katika yoga, sushumna ni njia ya katikati inayopita ndani ya uti wa mgongo. Mfasiri wa zamani wa Veda alilieleza neno hilo kwa namna nyingine, kuhusu miale ya jua. Vivekananda hakuridhika. Aliwataka wanafunzi wachunguze wenyewe kama mbegu ya maana ya yoga haikuwamo tayari katika Veda. Mchana aliwaita watawa wanafunzi darasani, akawafundisha sarufi ya Kisanskriti kwa muda wa saa tatu hivi. Jioni alitembea na mwenzake Premananda, akizungumzia nia yake ya kuanzisha chuo cha Veda. Usiku huo, baada ya saa tatu, alifariki akiwa chumbani mwake. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Maisha hayo yanatudai kitu. Tumerithi maneno ambayo mtu huyu aliyaombea kitabu akiwa na njaa, na hakuna tena anayetuzuia kuyajua. Kizuizi kilichobaki ni mazoea yetu ya kuyatamka bila kuuliza. Kwa hiyo tunapendekeza, kwa waumini na kwa majirani wanaokuja jioni, njia ndogo inayowezekana: neno moja kwa juma. Litamkwe sawasawa. Dh ya dhyana na samadhi si dh ya dhahabu. Ni d inayotoka na pumzi. Th ya hatha si th ya thelathini; ni t yenye pumzi, na wazee wa Mvita wanaotenganisha paa wa mwituni na paa la nyumba watalifahamu hilo upesi. Kisha neno lifunguliwe: shava ni maiti, asana ni kikao, basi shavasana ni kulala kama maiti, na anayelala hivyo ajue anakumbushwa nini. Namaste ni namas na te, heshima ya kuinama kwako wewe. Mwisho litumiwe, kwa mwili uliotulia na nia iliyotulia.

Kwa mwendo huo, kabla ya mwaka kwisha mtu atakuwa na maneno zaidi ya 40 anayoyamiliki. Vivekananda alitumia siku tatu na saa tatu kwa kanuni moja ya irabu, hivyo hakuna kati yetu anayepaswa kuona haya kwa kwenda polepole. Watoto wetu wakiuliza maana ya neno wanaloliitikia ukumbini, tuwe na jibu la kuwapa. Na jirani asiye wa dini yetu akiuliza, apewe jibu lile lile.